Mazoezi yapewe kipindi chake kwenye ratiba

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakazi wenzangu wa Dodoma, hasa wale wanaotoka nyumbani kabla ya jua na kurudi taa zimeshawashwa, juu ya kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu: kupanga ratiba. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia, na pamoja na kufundisha nilikabidhiwa taaluma katika shule za sekondari za mkoa huu, Kondoa, Mpwapwa na mwisho hapa mjini. Aliyepita shuleni anajua mwalimu wa taaluma hufanya nini shule zinapofunguliwa Januari. Wenzake wakiwa bado wanapeana habari za likizo, yeye ameinamia karatasi ya manila na penseli na rula, anatafuta namna ya kumfanya mwalimu mmoja wa Fizikia awafikie wanafunzi wa mikondo yote bila vipindi kugongana.

Nimestaafu, naishi Ilazo, na bado napanga ratiba. Ninazopanga siku hizi ni za majirani, za wanajumuiya wenzangu, na za watoto niliowafundisha ambao leo ni watu wazima wenye presha. Wanakuja wakisema wanataka kufanya mazoezi lakini muda haupo. Nawakaribisha mezani, natoa karatasi, tunapanga. Nimewaona watu waliokuwa wakianza na kuacha kila mwaka wakiendelea sasa, kiangazi na masika, na nia yao ni ileile waliyokuwa nayo zamani. Ndiyo maana naandika. Naamini kabisa kwamba kinachowaangusha wengi wetu kwenye mazoezi ni upangaji wa muda, na upangaji wa muda ni ufundi unaofundishika kama kusoma ramani.

Nianze na kiasi, maana wengi wanaliogopa jambo ambalo halijawa kubwa hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ya kutembea kwa kasi mpaka pumzi inapanda lakini bado unaweza kuongea na mwenzako. Au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kama kukimbia. Siku mbili au zaidi ziwe na kazi ya misuli. Mwenye miaka 65 na kuendelea aongeze mazoezi ya kuuzoesha mwili usiyumbe, siku tatu au zaidi. Sasa tazameni. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Vipindi vinne ni dakika 160. Kiwango cha chini kabisa kinaenea ndani ya vipindi vinne, na dakika kumi zinabaki. Wiki nzima ina dakika 10,080. Hakuna mwalimu wa taaluma atakayemwambia mkuu wa shule kwamba amekosa nafasi ya somo la vipindi vinne.

Na bado shirika hilohilo lilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Sidhani kama watu bilioni 1.8 ni wavivu.

Waliosoma enzi zangu, na wengi waliofuata, wanaukumbuka mchakamchaka. Kengele inagongwa kungali kiza, mnapanga mistari, kiongozi anaanzisha wimbo, mnaitikia, na kabla usingizi haujakutoka vizuri mmeshaizunguka shule na kurudi uwanjani. Kisha usafi, kisha mstarini, kisha darasani. Hakuna aliyeulizwa kama leo anajisikia. Mchakamchaka ulikuwa na saa yake, kengele yake, na mtu wa zamu wa kuusimamia. Tulipomaliza shule tulikabidhiwa muda wetu wenyewe, na somo la kwanza kufutwa kwenye ratiba likawa hilo.

Sasa nieleze ninavyofanya, ili anayetaka aifanye kwake.

Ratiba huanza na vitu visivyohama. Shuleni ni maabara moja inayogombewa na masomo matatu, mwalimu wa muda anayekuja Jumanne na Alhamisi tu, na swala ya Ijumaa. Nyumbani ni basi la watumishi, watoto kwenda shule, mazoezi ya kwaya, jumuiya ya Jumamosi asubuhi, tarehe ya kliniki, na kwa mitaa yenye mgao, siku ya maji. Hivyo vyote tunaviandika kwa wino. Baada ya hapo mtu anaona nafasi zilizobaki, na mara nyingi ni nyingi kuliko alivyodhani, ila haziko pale alipokuwa akizitafuta.

Lakini kabla ya karatasi namwomba abebe kijidaftari kwa wiki moja. Kila anapobadilisha shughuli aandike saa na jambo alilokuwa akilifanya. Wiki hiyo asijirekebishe, aishi kama kawaida. Daftari hilo linasema mengi kuliko mwenyewe. Mtumishi mmoja wa mtaa wa Kisasa aligundua kwamba karibu kila siku, kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, alikuwa amejilaza na simu akisubiri usingizi ambao simu yenyewe ilikuwa inaufukuza. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna haja ya kujadili saa ya kuamka. Kipindi chake cha alfajiri kinaanza usiku uliotangulia, saa ya kulala inapoandikwa kwenye ratiba na simu inapoachwa sebuleni.

Kuna kosa ninalolikuta karibu kwenye kila ratiba ambayo mtu amejipangia mwenyewe: anahesabu dakika za mazoezi peke yake. Kutafuta soksi, kupasha mwili moto, kurudi, kupoa, kuoga, kuvaa: dakika 40 zinakula saa nzima na ushee. Asiyehesabu hayo anachelewa basi siku ya pili, na siku ya tatu anaacha. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia hii ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, hata kazi ambayo ameshaifanya mara nyingi. Shuleni tunaiona kwa macho. Anayepanga ratiba kwa mara ya kwanza anasahau kwamba wanafunzi wanahitaji kutembea kutoka darasani hadi maabara. Kwa hiyo mimi naandika kipindi cha saa moja na robo, na ndani yake dakika 40 za jasho.

Saa ipi? Hisabati tunaiweka asubuhi, akili zikiwa hazijachoka na mambo ya siku hayajaanza kuvamia. Kwa watu wengi mazoezi nayo yanastahili asubuhi kwa sababu hiyo ya pili: saa kumi na moja alfajiri hakuna bosi anayekuita wala mgeni anayebisha hodi. Ila si kwa kila mtu. Mama lishe wa Sabasaba anayewasha moto saa kumi usiku, ukimwambia aamke mapema zaidi unamwonea. Kipindi chake kiko alasiri, vyombo vikishaoshwa, kabla hajapanda daladala kwenda nyumbani. Akishafika nyumbani hatoki tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo.

Naomba nikae kidogo kwenye habari ya mama mmoja niliyemfundisha, ambaye ameniruhusu niiandike bila kumtaja. Anafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya katikati ya jiji. Anaishi Nkuhungu, upande wa pili kabisa. Ana watoto watatu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari yake inapanda. Alikuja jioni moja, bado na kitambulisho cha kazi shingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi."

"Mwalimu, nimeambiwa nitembee, nifanye mazoezi. Sasa mimi nitatoka saa ngapi, na chai ya watoto aandae nani?"

Nikampa daftari. Wiki iliyofuata akalirudisha, tukalisoma pamoja. Kuanzia saa kumi na nusu alfajiri alikuwa anachemsha chai, anaogesha, anapiga pasi sare tatu na shati la mumewe, anafunga vyakula vya shule, kisha anakimbilia basi. Mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi, anafungua saa mbili. Jina lake lilikuwa halijaonekana hata mara moja kwenye kurasa za alfajiri.

Nikaomba aje naye. Alikuja, kijana mstaarabu kabisa. Nikamwekea karatasi mezani. Nikamwambia, "Baba, hii ni ratiba ya mkeo, na hii ni ya kwako. Yeye ana vipindi mfululizo tangu alfajiri, na wewe una viwili vya wazi. Shuleni mwalimu mwenye mzigo wa hivi tungempunguzia, tukampa mwenzake mwenye nafasi." Alinyamaza, akaangalia karatasi ile kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, Jumanne na Alhamisi watoto niachieni mimi." Na amekuwa akiwaandaa tangu siku hizo. Wa mwisho, wa darasa la kwanza, anasema chai ya baba ina sukari nyingi, jambo ambalo mama yake ameagiza lirekebishwe.

Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi mama yule anafanya mazoezi ndani ya uzio wake, maana nje bado giza: anaruka kamba, anachuchumaa na kusimama, anasukuma ukuta, anapanda na kushuka ngazi ya barazani. Jumamosi baada ya jumuiya anatembea kwa kasi na jirani. Kipindi cha nne tulikivunja vipande. Mwongozo wa zamani, wa mwaka 2010, ulitaka kila kipande cha mazoezi kifike angalau dakika kumi ndipo kihesabiwe. Ule wa 2020 umeliondoa sharti hilo, kila dakika inahesabika. Basi akirudi jioni anashuka vituo viwili kabla ya kituo chake na kutembea sehemu iliyobaki.

Atakayedharau vituo viwili na akumbuke kazi ya daktari Jeremy Morris wa Uingereza. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Madereva walikuwa wamekaa siku nzima. Makondakta walikuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Kampuni moja, barabara zilezile, na makondakta wakakutwa wanaugua magonjwa ya moyo kidogo kuliko madereva. Ngazi zile hakuna aliyeziita mazoezi. Zilikuwa zimo tu ndani ya ratiba ya kazi yao.

Wasomaji wanaume, nawaomba mlipokee hili kwa utulivu. Katika ratiba nyingi nilizokaa nazo, muda wa mwanamke ndio akiba ya nyumba nzima. Mtoto akiugua unachukuliwa wa mama, mgeni akija unachukuliwa wa mama, msiba ukitokea mtaani mama ndiye anayehamia kwenye masufuria. Ukimwambia mwanamke huyo ajitahidi tu, hujamsaidia. Kipindi chake kitapatikana pale tu mtu mwingine atakapobeba jambo moja, kwa siku iliyoandikwa na saa iliyoandikwa. "Nitakusaidia nikipata nafasi" haiingii kwenye ratiba, haina kisanduku.

Kuna wenye zamu pia, nao ni wengi katika mji huu: wauguzi, walinzi, madereva wa masafa ya Singida na Mwanza. Kwao saa haisaidii, kwa kuwa wiki hii saa kumi na mbili asubuhi ni kuingia kazini na wiki ijayo ni kutoka. Muuguzi mmoja tulimpangia kwa tukio badala ya saa: akitoka zamu ya asubuhi, kabla hajavua viatu, anatembea, akitoka zamu ya usiku analala kwanza, na akiamka, kabla ya kupika, anatembea. Wiki ya zamu ya jioni anatumia asubuhi. Tuliandika ratiba tatu, moja kwa kila zamu, akazibandika nyuma ya mlango wa chumbani. Anayetumia dawa za sukari au mwenye tatizo la moyo aulize kwanza kliniki ni saa ipi na kiasi gani kinamfaa, hasa kabla ya kufanya mazoezi akiwa na njaa.

Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba wengi wana azimio la kazi na hawana andalio la somo. Azimio linasema muhula huu tutafundisha mada gani. Andalio linasema leo, kipindi cha tatu, darasa fulani, dakika tano za kwanza mwalimu anafanya nini na zana zake ni zipi. Mtu anayesema "mwaka huu nitafanya mazoezi" amefunga azimio, akaingia darasani mikono mitupu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mipango ya kusema ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya jambo fulani. Na kuna utafiti wa Uingereza wa Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, uliochapishwa mwaka 2002, ambao huwa nawasimulia wote wanaokaa mezani kwangu. Waliwachukua wanafunzi 248 wa chuo. Kundi moja liliachwa hivihivi. Waliofanya mazoezi wiki ile wakawa asilimia 38. Kundi la pili lilielimishwa juu ya ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. Wakawa asilimia 35. Kundi la tatu lilipewa elimu ileile, likaongezewa jambo moja: kila mmoja aandike siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya mazoezi. Waliofanya wakawa asilimia 91.

Tazameni lile kundi la pili. Elimu peke yake haikuwasogeza. Sisi tunatumia nguvu nyingi kuwahubiria watu hatari za kitambi na presha, na watu wanazijua. Mpe mtu kalamu aandike: Jumatano, saa kumi na moja jioni, nikishuka kwenye basi, nitazunguka uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani. Raba na chupa ya maji ziwe zimewekwa mlangoni tangu jana yake, kama zana za kufundishia.

Kisha kuna siku ambazo kipindi kitakosekana. Zipo, hazikwepeki. Shuleni mwalimu akiitwa semina au ikaangukia sikukuu, somo halifutwi mpaka mwakani. Kuna kipindi cha kufidia. Kila ratiba ninayoipanga ina kisanduku kimoja kitupu, mara nyingi Jumapili jioni, kwa ajili hiyo tu. Kimoja, kwa sababu vikiwa vingi mtu anavisogeza vyote huko. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London (UCL) waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya, na katika chapisho lao la mwaka 2010 wakaeleza kwamba iliwachukua wastani wa siku 66 tabia kuwa ya kujiendesha yenyewe. Wengine makadirio yalikuwa siku 18, wengine yalifika 254. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Wanaoacha kwa sababu wiki imeingia dosari wanajinyima bure. Na anayeona jirani yake amezoea haraka kuliko yeye asivunjike moyo, tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa hivyo.

Ratiba ya Dodoma haiwezi kuwa moja mwaka mzima, na hapa Jiografia yangu inanisaidia. Tuko karibu na longitudo 36 Mashariki, wakati saa tunayoitumia Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45. Kila digrii ni dakika nne, hivyo jua linatufikia zaidi ya nusu saa nyuma ya saa ya mkononi. Julai halichomozi mpaka karibu saa moja kasoro dakika kumi, na baridi ya alfajiri ile mnaijua. Mapema Novemba linachomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Februari kuna mwanga jioni hadi karibu saa moja. Mwanamke anayetembea peke yake Novemba alfajiri kwenye mwanga, Julai saa ileile yuko gizani. Kwa hiyo tunahamisha: miezi ya baridi, vipindi vya nje vinakwenda jioni na vya alfajiri vinafanyika ndani ya uzio. Kiangazi upepo na vumbi vikizidi, tunachagua njia zenye miti na zenye lami. Desemba hadi Aprili mvua zinaleta kazi nyingine. Shemeji yangu wa Mvumi anayelima mtama na karanga kwa jembe la mkono simpangii kitu msimu huo, shamba limeshampangia.

Mtaani kwetu tumerudisha pia mwalimu wa zamu. Kila wiki kaya moja inashika zamu: saa ikifika inapita kugonga mageti ya waliojiandikisha. Wiki inayofuata kaya nyingine. Simu inazimwa kwa kidole ukiwa umefumba macho, lakini jirani aliyesimama getini kwako, amevaa raba, anakuita kwa jina la mwanao, unamfungulia.

Sasa niseme na wakubwa. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Nililipenda agizo lile kwa sababu lilikuwa na siku. Halikusema watu wajitahidi, lilitaja Jumamosi ya pili. Ila mara moja kwa mwezi ni mtihani wa mwezi, masomo yenyewe yafanyike kati. Ofisi zingeweza kuitumia Jumamosi hiyo kukagua ratiba za watumishi wao: nani amepata vipindi vyake, nani amekosa, na nini kilimzuia. Vivyo hivyo michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa wizara na idara za serikali. Inapokaribia, watumishi wanaruhusiwa kutoka kwenda kujifua, maofisa michezo wanahangaika, na ikiisha wengi wanarudi kwenye viti hadi msimu mwingine. Waliobaki ofisini bila kuchaguliwa kwenye timu hawakupewa hata dakika kumi.

Na kuna jambo ambalo mtumishi hawezi kulitatua kwa daftari wala kwa mwalimu wa zamu, nalo ni vikao vya alasiri. Muda wa kazi serikalini unaisha saa tisa na nusu. Nimesoma madaftari ya watu kadhaa wa ofisi tofauti, na kipindi cha jioni kilichopotea mara nyingi zaidi kilipotea kwa kikao kilichoitishwa saa tisa, kikaanza saa tisa na dakika arobaini, kikamalizika jua likizama. Anayeitisha kikao hicho anagawa muda wa watu thelathini. Mkuu wa shule akifanya hivyo kila wiki, mwalimu wa taaluma anakwenda ofisini kwake na kumwambia, kwa heshima, kwamba ratiba imevurugika. Maofisa utumishi wana nafasi hiyohiyo.

Ombi langu kwao, kwa wizara zote zilizoko Mtumba, kwa halmashauri na kwa ofisi binafsi, ni dogo na halina gharama. Tangazo la kikao liandikwe saa ya kuanza na saa ya kumalizika, na saa hiyo ya pili iheshimiwe kama ile ya kwanza. Jumanne na Alhamisi pasiitishwe kikao baada ya saa nane mchana, isipokuwa jambo la dharura. Lijaribiwe kwa robo moja tu ya mwaka, kuanzia Julai mwaka wa fedha unapoanza, na Oktoba watumishi waulizwe wamezitumiaje jioni zile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ilazo, Dodoma